Nilisema sitaki, naye akanisikia

BARUA

Shikamoo shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 27, Mbondei wa Muheza, ila nimekulia hapa Tanga mjini, Ngamiani. Nina duka dogo la kanga, vitenge na madera. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana mwenzio silali.

Mwaka jana mwezi wa nane aliingia dukani kaka mmoja mrefu, mpole, shati limepigwa pasi. Anafanya kazi bandarini. Akaniambia anataka doti ya kumpelekea mama yake Tukuyu lakini hajui kuchagua, anaogopa asije akabeba yenye maneno ya kumgombanisha mama na majirani. Nilicheka sana. Nikamtolea ya “Nani kama mama”. Akaisoma polepole kama mtu anayesoma barua, akasema, “Hii hii.” Nikamkunjia, akalipa, akaenda zake.

Mwisho wa mwezi akarudi, safari hii anamtafutia dada yake. Mwezi uliofuata shangazi yake, halafu shemeji yake. Ilipofika mwezi wa kumi na mbili nikamuuliza, “Kwani kwenu mko wangapi?” Akasema, “Wameisha. Leo nimekuja kumwangalia muuzaji.”

Shangazi, nilikuwa najua, na mimi mwenyewe nilikuwa nachangia. Nilijua tarehe zake, siku hiyo navaa nikapendeza. Namtajia bei ya juu makusudi ili tubishane akae. Mama akiniletea machungwa kutoka Muheza namwekea yeye, nammenyea ganda moja refu bila kukatika, anakula amesimama mlangoni. Alinifundisha salamu ya kwao, “Ugonile”, basi akiingia tu namwambia hivyo huku nimelegeza sauti. Akicheka hugeuza uso pembeni.

Januari akanitokea. Alinikuta nafunga duka jioni, akanisaidia kushusha mlango, kisha akasema, “Nimekuja kwa jambo la kweli. Nakupenda, na nia yangu ni ndoa. Nataka kujua kama nawe unaniona.” Hakuzunguka. Mimi nikang’ata pindo la kanga, nikatazama chini, nikasema, “Mimi sitaki mambo hayo.” Lakini nilikuwa natabasamu!

Bibi yangu alinifundisha tangu zamani kwamba mwanaume umzungushe, umkatalie hata mara tatu, uone kama ana nia. Ukimkubali siku ya kwanza atakuona maharage ya Mbeya, maji mara moja yameiva. Na huyu ametoka Mbeya kwenyewe, nikasema ndiyo kabisa, nikaze.

Mara ya pili ilikuwa Jumapili, tulikutana Raskazone tukatembea kidogo. Akarudia maneno yake. Nikamwambia, “Si nilishasema? Tafuta wengine,” nikamrushia mchanga kwa ncha ya mguu, nikakimbia mbele. Mara ya tatu ni dukani. Nilimwambia, “Jamani wewe mtu husikii? Nimesema sitaki,” nikacheka, nikampa mgongo najifanya napanga vitenge. Nikasubiri aseme neno. Kimya. Nilipogeuka alikuwa mlangoni, akasema, “Nimesikia. Samahani kwa kukusumbua, dada.” Akaondoka. Dada, shangazi! Hajawahi kuniita dada.

Sasa ni miezi miwili. Asubuhi hupita na baiskeli akienda bandarini, ananiinulia mkono, “Habari za asubuhi,” basi. Haingii. Nimeweka status za mafumbo, naona kabisa amezitazama, hajibu. Wiki iliyopita nilisimama nje ya duka saa yake ya kupita, nimejifunga “Japo sipati tamaa sikati”. Alisimamisha baiskeli, akaisoma, moyo ukanidunda. Akasema, “Maneno mazuri. Biashara inataka moyo wa namna hiyo.” Akapanda baiskeli yake. Niliingia ndani nikalia.

Shoga yangu mmoja anasema niposti picha na mwanaume mwingine, roho imuume arudi. Mwingine anasema mwanaume anayependa haachi, kwa hiyo huyu alikuwa anabahatisha tu, na bibi anasema hivyo hivyo. Dini si tatizo, wote tunasali kanisa moja. Niambie ukweli: alinipenda huyu? Na nitamrudishaje bila kujirahisi?

Aliyechanganyikiwa, Tanga

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Pole kwa kilio. Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nikifika pale mlangoni, anaposema “Nimesikia”, mimi naumia kwa ajili ya yule kijana kabla sijaumia kwa ajili yako. Nitakwambia kwa nini, lakini kwanza nikuondolee hofu moja: sitakulaumu kwa madaha.

Wako watu siku hizi wanaoyasema vibaya. Wanasema mwanamke anayerembua macho, anayelegeza sauti, anayevuta maneno, ni mchezea watu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Nimekulia Pangani, nimewaona mama zangu wakivaa kikuba jioni, asmini na mrehani na mkadi vimefungwa pamoja, na harufu ile haikumtaja mtu yeyote kwa jina. Ilipita tu barabarani. Aliyeelewa alielewa, asiyeelewa alinusa maua. Hiyo ndiyo raha ya madaha. Kuna muda kati ya watu wawili ambapo kila mmoja ameshahisi jambo na hakuna aliyelisema, na muda huo ni mtamu kuliko mwingi utakaoufuata. Chungwa lako la ganda moja refu lilikuwa ndani ya muda huo. Kubishana bei ilikuwa ndani yake. Ile “Ugonile” ya sauti laini, usiniambie. Yeye naye na mashangazi zake na mashemeji wasiokwisha, alikuwa anacheza vizuri tu. Mlikuwa mnachezeana, wote wawili mnajua, na hakuna aliyedanganywa.

Na madaha yana huruma ndani yake, jambo ambalo watu wengi hawalioni. Unapomsemesha mtu kwa kanga, umemwachia mlango wa nyuma, na wewe umejiachia wako. Nguo imesema, mimi sijasema. Akiwa hataki, atajifanya hakusoma, kesho mtasalimiana bila aibu. Hapa pwani leso, yaani hiyo hiyo kanga, imefanya kazi hiyo miaka mingi. Wanaosimulia historia yake humtaja mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, kuwa ndiye aliyeanza kutia maneno kwenye nguo hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu hapo wanawake wamegombana, wamepatana na wamependana kwa pindo na mji wa kanga bila kufungua kinywa. Wewe unaziuza, unalijua hilo kuliko mimi.

Sasa njoo Januari, jioni ile ya kufunga duka.

Yule kijana alikuja akafunga mlango wake wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Alisema “nakupenda”, alisema “ndoa”, na akakuuliza swali lenye jibu. Hakukuandikia fumbo. Baada ya maneno kama hayo hawezi tena kusema kesho kwamba alikuwa anatania. Alisimama mbele yako hana pa kujificha, na wewe ukamjibu kutoka nyuma ya kanga. Hapo ndipo ulipokosea, na nimeitafuta sehemu nyingine ya kosa sikuiona. Madaha ni ya kabla neno halijasemwa wazi. Mtu akishajiweka wazi kwa kinywa chake, anastahili jibu la kinywa. Jibu hilo si lazima liwe “ndiyo”. Ungeweza kusema “bado”. Ungeweza kusema “nipe muda nifikiri”, au “umenishtua, tuongee Jumapili”. Yote hayo yana madaha tele na hakuna hata moja lenye uongo. Ila “sitaki” ni neno jingine kabisa. Lina maana yake, na maana hiyo si yako peke yako kuichezea.

Utaniambia bibi ndiye aliyekufundisha. Bibi ninamheshimu, na najua alichokuwa anakilinda. Alikuwa anamlinda mjukuu wake na wanaume wapitao, wale wanaokuja na asali mdomoni na wiki ya tatu hawaonekani. Kuchelewesha jibu kulikuwa ungo wa kupepetea. Lakini mimi nakumbuka mafunzo ya somo wangu, yule mama aliyenifunda, na sidhani bibi yako alifundishwa tofauti sana: hakunifundisha kusema sitaki huku nataka. Alinifundisha kunyamaza. Sisi Waislamu wa pwani, binti mwari akiulizwa kuhusu posa, kimya chake huhesabiwa ridhaa yake. Akitamka kwamba hataki, basi hataki. Najua kimya nacho kina hatari zake, wako mabinti walionyamaza kwa woga wakaozwa, na barua zao ninazo. Lakini tazama jambo lenyewe: hata katika mila iliyojaa haya na kujificha, neno la kukataa lilibaki na uzito wake. Halafu zamani binti hakuachwa peke yake na swali. Mshenga alikwenda, wazee wakasema “tutawajibu”, siku zikapita, watu wakaulizana tabia na ukoo. Uzungushaji wote ulifanywa na familia, na kila mtu alijua kwamba “tutawajibu” maana yake si “hapana”. Wewe leo uko peke yako mlangoni mwa duka na mwanamume aliyekuja bila mshenga, ukachukua kazi ya wazee wote wale ukaifanya kwa neno moja lisilo lake.

Na haya mambo ya maharage ya Mbeya, mwanangu, naomba uyaache. Ni maneno ya watu wanaompima mwanamke kwa muda aliochukua kukubali, kana kwamba thamani yake iko kwenye saa. Wewe ulimtazama kijana huyu kuanzia mwezi wa nane hadi Januari. Umeona anavyomkumbuka mama yake. Umeona anavyocheka, anavyolipa, anavyosimama mlangoni bila kuingia nyuma ya kaunta. Miezi mitano ya kumchunguza mtu inaitwaje kujirahisi?

Sasa swali lako la kwanza, kama alikupenda. Shoga zako wanasema mwanamume anayependa haachi. Nataka uyapime maneno hayo vizuri, kwa sababu yanaumiza wasichana wengi sana. Kila wiki napata barua za mabinti wanaosumbuliwa: na dereva wa bodaboda anayemngoja mtu kituoni kila jioni, na mwenye nyumba, na msimamizi wa kazi. Wamesema sitaki kwa kila lugha. Jibu wanalopewa ni lile lile, “Wanawake ndivyo mlivyo, sitaki nataka.” Wanaume hao walifundishwa na nani kwamba sitaki ni nataka? Walifundishwa na wanaume wenzao, hilo najua. Lakini kila mmoja wetu anayesema sitaki akitarajia abembelezwe anawaongezea ushahidi. Nchi yetu imelitilia jambo hili sheria. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumsumbua mtu kingono, kwa maneno au vitendo asivyovitaka, kuwa kosa la jinai. Kijana mwenye akili zake anajua kwamba mpaka upo, na anajua uko wapi. Uko kwenye neno ulilomwambia mara tatu.

Alikuwa na mambo mawili mkononi. Upande mmoja kicheko chako na chungwa na mchanga wa Raskazone, upande wa pili maneno yako. Unadhani hakuviona vile vya kwanza? Aliviona. Ila mwanamume mwangalifu anajua pia jinsi wenzake wanavyojidanganya kwa kicheko cha mwanamke. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, Antonia Abbey, aliwakutanisha wanafunzi wa chuo kikuu wawili wawili, mwanamume na mwanamke wasiojuana, wakazungumza dakika 5 huku mwanamume mwingine na mwanamke mwingine wakiwatazama kwa siri. Wanaume, yule aliyezungumza na yule aliyetazama, walimwona msichana kuwa na nia ya kimapenzi zaidi ya walivyomwona wanawake. Msichana alikuwa mchangamfu tu. Muuzaji wa kanga naye ni mchangamfu, ndiyo kazi yake. Kijana wako alijiuliza, bila shaka usiku si mmoja, kama yale yote hayakuwa ukarimu wa dukani alioutafsiri kwa tamaa yake. Akaona akikosea kwa kuondoka ataumia yeye. Akikosea kwa kubaki utaumia wewe. Akachagua aumie yeye.

Unaniuliza kama alikupenda!

Na lile “dada” lililokuliza, lisome upya. Angeweza kukununia. Angeweza kubadili njia asipite dukani, au kukutangaza kijiweni kwamba unaringa na huna lolote. Wapo wanaofanya hivyo, na wewe unawajua. Yeye alikupa jina la heshima, akaendelea kukusalimia asubuhi, akakaa mbali kwa kiasi kile kile ulichomwambia. Miezi miwili anapita mbele ya mlango ule. Sijui kama unafikiria inamgharimu nini kuinua mkono ule na kusema “Habari za asubuhi” kama mtu mwingine yeyote.

Nije kwenye kanga. Nimeifikiria sana picha hiyo: wewe umesimama nje, “Japo sipati tamaa sikati” imekukaa kiunoni, yeye ameshika breki, anasoma. Kwako maneno yale yalikuwa yanamwita. Kwake yalikuwa maneno mazuri ya kumtia moyo mfanyabiashara, akakupongeza kwa moyo mweupe. Mtu huyu siku ya kwanza kabisa alikwambia kwamba hajui kuchagua kanga! Hakukuficha. Ametoka Tukuyu, kwenye migomba na mvua, hakukulia kwenye vibaraza vyetu ambako mtoto wa miaka saba anajua leso ya mama imemlenga jirani gani. Mafumbo yetu ni matamu kwa aliyepewa ufunguo, na asiye nao unamwonea kumsemesha hivyo halafu ukalia kwamba hakujibu. Hata zile status za WhatsApp ni hivyo hivyo, tena mbaya zaidi, maana zinasomwa na watu wote wenye namba yako, na mtu aliyeambiwa sitaki mara tatu hana ruhusa ya kudhani ni zake. Angekujibu ungeweza kumwambia, “Kwani nimekutaja?” Analijua hilo.

Tena kumbuka mara zote yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akifanya safari ya kuja kwenye lugha yako. Alinunua kanga nne asizozihitaji sana. Alijifunza kubishana bei kama mtu wa pwani. Wewe ulimwendea kwa neno moja tu, “Ugonile”, na kwa maelezo yako ndilo lililomfanya ageuze uso pembeni. Lishike hilo, nitalirudia.

Picha na mwanamume mwingine usiposti. Sitalizungumza kwa marefu. Kwa kijana wa aina hii picha ile haitamrudisha, itamthibitishia kwamba alifanya vizuri kuondoka, na yule utakayepiga naye picha ni mtu pia, ana moyo wake.

Kuhusu kujirahisi, nikusimulie langu. Mwaka 1977 nyumbani Pangani palikuwa na kijana fundi saa, alikuwa anakaa barazani mbele ya duka la mafuta ya taa, kioo chake kidogo kimebanwa jichoni. Mimi nilikuwa natumwa mafuta. Nikaanza kununua nusu chupa badala ya chupa nzima, ili kesho yaishe nipite tena. Mama alifikiri taa inavuja. Nikipita natembea polepole, sitazami upande wake hata kidogo, na kutomtazama kule nilikuwa nakufanyia mazoezi. Miezi mitatu. Siku moja akatoa kioo jichoni, akasimama, akasema anataka kutuma watu kwetu, je, wakija nitawafukuza? Mwanangu, miguu ilinilegea. Nilitaka kucheka, nilitaka kukimbia, nilitaka kusema lolote la kumzungusha. Nikamwambia, “Sitawafukuza. Ila mimi mwenyewe bado sijajua, wasije kabla ya mfungo.” Nilikuwa kweli sijajua yote. Sikumwongopea. Alisubiri, wakaja, na tulikaa pamoja miaka 31 mpaka Mungu alipomchukua. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia kwamba nilijirahisi. Aliwahi kuniambia, tena mara nyingi, kwamba alikuwa akizihesabu zile nusu chupa.

Kwa hiyo nenda ukaseme. Nimesema nenda, usimtume shoga yako, maana yule wa picha ataleta mengine. Usimfuate kazini kwake kwenye macho ya watu. Msimamishe asubuhi akipita, umwombe jioni akitoka apitie dukani dakika chache, una neno la kumwambia. Hilo tu, asubuhi usiongeze. Siku nzima itakuwa ndefu kwenu wote wawili, vumilia.

Akija, usimpe chungwa kwanza. Usianze na kicheko. Mwambie ulivyoniandikia mimi: kwamba ulifundishwa ukatae mara tatu, kwamba ulisema sitaki ukiwa unataka, kwamba unajua ulimuumiza na unamwomba radhi. Mwambie hakukosea kukusikia. Neno hili usilisahau, kwa sababu hofu yangu kubwa ni moja: kijana huyu akitoka dukani kwako akiwa amejifunza kwamba alipaswa kung’ang’ania, siku moja atamng’ang’ania binti ambaye hakutaka kweli, au atamfundisha mdogo wake hivyo. Mhakikishie kwamba neno lako kuanzia leo ni neno. Kisha mwambie unampenda, kama unampenda, au mwambie ungependa mjuane kwa nia aliyoitaja, kama huko ndiko ulikofika. Usiseme zaidi ya kilichomo moyoni ili kufidia.

Yeye naye ana haki ya kusema “bado”. Ana haki hata ya kusema imekwisha. Miezi miwili ni muda, huenda kuna mtu alimwona kanisani, huenda amechoka. Akisema hapana, msikie kama alivyokusikia wewe, umshukuru, na asubuhi akipita mwinulie mkono. Utalia, lakini utakuwa umelia kwa jambo la kweli, si kwa fumbo lililopotea njia.

Akisema ndiyo, usije ukadhani nimekunyang’anya madaha yako. Yarudishe yote! Mzungushe kwenye bei, mrushie mchanga, mfundishe kusoma kanga mpaka awe anakununulia za kukujibu. Ndani ya ndoa ndiko yanakohitajika zaidi, na ndiko wanawake wengi wanakoyaacha mlangoni na viatu. Mimi nilikuwa nakaa na mume wangu mwaka wa ishirini na nikisikia anarudi najifanya sijasikia hodi, abishe mara mbili. Alijua, nami nilijua kwamba anajua.

Ile “Japo sipati tamaa sikati” ikunje uiweke, siku hiyo vaa yoyote usiyoitegemea iseme chochote. Akiingia msalimie kwa salamu ya kwao, kwa sauti yako ya kawaida, umpe kiti. Ukimaliza maneno yako nyamaza, usijaze kimya kwa utani hata kikichukua muda. Halafu uniandikie alivyokujibu.